Muulize Tabibu: Simu imesema ni malaria, niende zahanati ya nini?

Mwezi uliopita niliomba mniandikie kuhusu akili mnemba na matibabu ya bei nafuu, yaani hizi programu za simu na kompyuta ambazo siku hizi zinajibu maswali ya ugonjwa, zinasoma picha za X-ray na hata kumkumbusha daktari alichosahau. Mhariri amenipa rundo la barua. Zilizouliza kama mashine zitatunyang'anya kazi nimeziweka kando, hizo ni za kuzungumza barazani na kahawa. Nimechukua zile zenye mgonjwa ndani. Kwa wasomaji wapya: nilikuwa afisa tabibu katika zahanati za vijijini huko Handeni na Korogwe mpaka nilipostaafu, kwa hiyo majibu yangu yana harufu ya zahanati, si ya hospitali ya rufaa.

Homa ya usiku

*Shikamoo Tabibu. Nina mtoto wa miezi 14. Wiki jana usiku alishikwa na homa na kikohozi. Zahanati iko mbali, na bodaboda usiku anataka elfu kumi kwenda na kurudi. Nikaiuliza programu ya akili mnemba kwenye simu, ikasema huenda ni mafua, malaria au nimonia, nimpe parasetamoli kisha nimwone daktari. Nikampa, homa ikashuka, asubuhi akaamka anacheza. Mume wangu anasema tumeokoa pesa, tuwe tunauliza simu kwanza. Ni sawa?*
*Mama wa mmoja, Korogwe*

Marahaba mwanangu. Kuuliza simu hakuna ubaya. Ila hilo jibu ulilopewa ni la kweli na halina faida. Mafua, malaria, nimonia: yote matatu huja na homa, na kila moja lina tiba yake. Simu haiwezi kuyatenganisha kwa sababu haikumgusa mtoto. Malaria inataka tone la damu kwenye kipimo cha haraka. Nimonia inataka mtu akae, atulie, ahesabu pumzi.

Hili la pumzi unaliweza wewe mwenyewe, na hapo simu itakufaa kuliko maneno yake yote, maana ina saa. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo, tazama kifua na tumbo vinavyopanda na kushuka, hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu pumzi za mtoto hazilingani, mara zinakwenda mbio mara zinapoa. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka chini ya miaka 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi. Wa miezi 2 mpaka 11, ni 50. Wa chini ya miezi 2 ni 60, lakini huyo akiwa na homa usijisumbue kuhesabu, mbebe uende. Na umri wowote ule, ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, mbebe uende.

Kuna mambo mengine manne ambayo kila mhudumu wa watoto anayo kichwani: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au hazinduki sawasawa. Likitokea moja tu, usifungue programu yoyote. Hata kama ni saa nane za usiku na bodaboda ameongeza bei, mlipe.

Kuhusu homa kushuka: parasetamoli hushusha homa ya malaria kama inavyoshusha ya mafua. Mtoto akicheza asubuhi tunamshukuru Mungu, lakini homa ikirudi mchana huo, apimwe damu. Usiongeze parasetamoli ya pili na ya tatu huku unasubiri ijiondokee.

Nilikaa na programu mojawapo jioni moja nikajifanya mimi ndiye mama. Nilipoandika kwa mkato, "mtoto ana homa na anakohoa," ikanimwagia orodha ndefu ya magonjwa, mengine sikuwahi kuyaona maisha yangu yote kazini. Nilipoandika umri kwa miezi, uzito kama ulivyo kwenye kadi ya kliniki, homa imeanza lini, anakunywa au hanywi, amekojoa lini mara ya mwisho, ikabadilika. Ikaniuliza habari za pumzi. Ikataja degedege. Kwa hiyo ukiiuliza, ipe hayo yote, kisha usiiulize "mwanangu anaumwa nini". Iulize "nikiona dalili gani niende kituoni usiku huu huu?" Swali hilo inalijibu vizuri zaidi. Ikikutajia dawa yenye jina gumu na kiasi cha kumpa, hapo ndipo pa kuiachia.

Sasa la mumeo. Ana haki ya kuwaza pesa, na simlaumu. Kisera mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya serikali, ingawa najua mnavyoambiwa dawa hakuna, mkanunue. Lakini mwambie hivi: katika kazi yangu niliyoifanya, sikuona familia iliyofilisiwa na ada ya kumwona tabibu. Nilizoziona ni za akina mama waliofika siku ya nne au ya tano, wakamwaga mezani kwangu kilichomo kwenye kifuko. Dawa mseto ya malaria iliyomezwa bila kupima. Chupa ya antibayotiki iliyobaki nusu. Dawa ya kikohozi ya aina mbili. Pesa iliyokwisha hapo ingemlipa bodaboda mara kadhaa, na mtoto bado hajapimwa kitu. Programu yoyote itakayokupunguzia kifuko kile ni nafuu kweli. Itakayokiongeza ni ghali, hata kama yenyewe ni ya bure.

Gari la X-ray

*Tabibu, mimi ni mchimbaji Mererani. Ilikuja gari ya kupima kifua kikuu. Nilipigwa picha ya kifua, sikumwona daktari, kijana akaangalia kompyuta akasema mashine imenipa alama ya juu, nitoe makohozi. Nikatoa. Majibu yakasema sina TB. Sasa niamini mashine au makohozi?*
*Mchimbaji, Mererani*

Amini makohozi, ndugu yangu, na usiidharau mashine, kwa maana kila moja ilifanya kazi yake.

Hii ndiyo sehemu ambayo akili mnemba imeshathibitishwa zaidi kuliko zote mlizoniandikia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome picha za kifua mahali pa binadamu katika kuchuja kifua kikuu, kwa watu wa kuanzia miaka 15. Sababu ni nyepesi. Mashine ya X-ray inaweza kupakiwa kwenye gari ikafika machimboni, lakini daktari bingwa wa kusoma picha hapakiwi, ni wachache na wako mijini. Zamani picha zilipigwa wilayani, zikasafiri, zikakaa mezani kwa mtu mwenye kazi nyingine kumi. Leo kompyuta inatoa alama kabla hujavaa shati.

Alama hiyo haisemi una TB. Inasema kifua chako kina kitu kinachostahili kupimwa. Wenye alama ya chini wanakwenda zao, wenye alama ya juu wanatoa makohozi yapimwe vinasaba vya kimelea, kipimo ambacho bei yake haimruhusu mtu kukifanya kwa kila apitaye njiani. Unafuu unatokea hapo: kipimo cha ghali kinafanywa kwa wanaokihitaji tu.

Lakini wewe ni mchimbaji, na hilo lazima nilifuatilie. Vumbi la mawe huacha makovu kwenye mapafu, na mtu aliyewahi kuugua TB akapona naye hubaki na makovu. Kompyuta huyaona makovu hayo ikapandisha alama. Kwa hiyo "huna TB" haina maana kwamba kifua chako ni kizima. Kama unachoka kwa kupanda kidogo tu, au kikohozi kikavu hakikuachi, nenda ukaseme wazi umechimba kwa muda gani na kama mlikuwa mkichoronga bila maji. Kwa upande wenu wa kaskazini, hospitali ya Kibong'oto, Siha, ndiyo yenye uzoefu wa vifua vya wachimbaji. Nenda na majibu yako yote mawili. Na kikohozi kikizidi wiki mbili tena, ukapungua uzito au ukatoka jasho la usiku, utoe makohozi upya bila kujali ya mwanzo yalisema nini.

Wateja wenye orodha ya simu

*Habari za kazi Tabibu. Ninauza duka la dawa muhimu hapa Kilosa. Siku hizi wateja wanakuja na simu mkononi, wananionyesha kioo: "Dada, nipe hizi." Juzi mmoja alikuwa na dawa nne, moja ya sindano. Nikimkatalia anakwenda duka la pili. Na mimi nimefikiri, kwa nini nisitumie hiyo hiyo akili mnemba kuwasikiliza wateja na kuwapa dawa sahihi? Wengi hawawezi kufika hospitali.*
*Muuzaji, Kilosa*

Barua yako nimeisoma mara mbili, dada, kwa sababu wewe ndiye zahanati ya kwanza ya watu wengi, tukubali tusikubali. Maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu hiyo hiyo: watu walikuwa wananunua dawa kwenye vibanda visivyojua wanachouza, ikaonekana bora muuzaji afundishwe na apewe orodha ya dawa anazoruhusiwa. Leseni yako ni ile orodha. Simu ya mteja haiongezi dawa hata moja humo, na simu yako vilevile.

Nianze na mteja wa dawa nne. Usibishane na simu, utashindwa, maana simu haichoki. Muulize yeye. "Nani mgonjwa? Ana umri gani? Ulipimwa nini?" Mara nyingi utagundua aliandika "kichwa, tumbo, uchovu", na mashine, isiyoona mtu mbele yake, ikamjibu kwa mapana. Wengine utakuta mgonjwa ni mjamzito yuko nyumbani. Wengine orodha ni ya mtu mzima na dawa ni ya mtoto. Ukishamuuliza maswali matatu kwa upole, yeye mwenyewe huanza kuitilia shaka orodha yake. Atakayekimbilia duka la pili, mwache.

Sasa la wewe kutumia programu. Hapa Morogoro yenu na Mbeya ulifanyika utafiti ambao ningependa kila muuza dawa aujue. Katika vituo vya afya na zahanati 40, wahudumu wa baadhi ya vituo walipewa tableti yenye programu iitwayo ePOCT+. Inamwongoza mhudumu swali kwa swali: hesabu pumzi, pima oksijeni kwa kidole, pima malaria, na kwa baadhi ya watoto kipimo kidogo cha damu cha kuonyesha kama maambukizi ni makali. Kwenye vituo vilivyoendelea kama kawaida, watoto 70 katika kila 100 walioletwa wagonjwa walipewa antibiotiki. Kwenye vituo vyenye tableti walikuwa 23. Na baada ya siku 7, watoto wa upande huu na wa upande ule hali zao zilikuwa sawa.

Yaani karibu nusu ya watoto walikuwa wanapewa dawa isiyowafaa kitu. Nani aliinunua? Mimi nimeziandika dawa hizo, wewe umeziuza, na bakteria wamejifunza kuzizoea.

Angalia lakini ile tableti ilikuwa nini. Haikuwa ya kupiga soga. Haitungi jibu jipya kila ukiiuliza. Inafuata njia iliyochorwa na madaktari kutoka kwenye miongozo, na kila kona inadai kipimo. Hizi programu za kuzungumza zinazosifiwa sasa zinafanya kazi kwa namna nyingine: zinapanga maneno yanayoelekea kufuatana, na ndiyo maana huweza kukutajia dozi isiyokuwepo kwa ufasaha ule ule zinaokutajia iliyo sahihi. Mtu aliyesoma ataishtukia. Mteja wako hataishtukia.

Kwa hiyo mimi sikuruhusu uitumie kuchagua dawa. Itumie hivi. Mteja amekuja na cheti cha daktari cha dawa tatu: iulize kama dawa hizo zinagombana, kisha jibu lake ulilinganishe na karatasi iliyomo ndani ya boksi. Mama amenunua zinki ya mtoto anayeharisha: iombe ikuandikie kwa Kiswahili chepesi namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na kwamba zinki inaendelea siku 10 mpaka 14 hata kama choo kimekauka siku ya tatu, akina mama wengi wanaishia hapo siku ya tatu. Msomee kwa sauti. Mteja anataka nusu dozi kwa sababu pesa haitoshi: hapo hakuna programu itakayokusaidia, ni moyo wako na daftari la mkopo.

Rangi nyekundu

*Tabibu, salaam kutoka Nairobi. Mimi ni afisa wa kliniki katika kliniki ya binafsi. Mwajiri ameweka programu ndani ya kompyuta yetu, kila nikiandika uchunguzi wangu inawaka kijani, manjano au nyekundu. Nyekundu inamaanisha nimekosea. Wagonjwa wanaona. Nimesomea kazi hii, na sasa nahisi kama mwanafunzi. Wenzangu tumeamua kuipuuza.*
*Afisa wa kliniki, Nairobi*

Pole, mwenzangu. Lakini sitakuunga mkono katika kuipuuza.

Kliniki za Penda Health hapo hapo kwenu zilijaribu kitu cha namna hiyo wakishirikiana na OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, na matokeo yakatoka Julai 2025. Kliniki 15, mahudhurio ya wagonjwa karibu 40,000. Madaktari wa nje zaidi ya 100 walipitia sampuli ya mafaili. Wahudumu waliokuwa na ile programu walifanya makosa ya kutambua ugonjwa pungufu kwa asilimia 16, na ya matibabu pungufu kwa asilimia 13. Si miujiza. Ila ukizidisha hiyo kwa wagonjwa wa kliniki zote za namna yako, ni watu wengi waliopelekwa nyumbani na dawa iliyo sahihi. Niongeze kwa haki: tofauti ya jinsi wagonjwa wenyewe walivyojisikia baadaye haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika.

Kilichonivutia ni kwamba mwanzoni hata wao walikuwa kama ninyi. Rangi nyekundu iliwaka, watu wakapita. Ilibidi wapatikane watu wa kukaa na wahudumu, kuwaonyesha na kuwasikiliza, na programu yenyewe ipunguzwe kelele isiwake bure. Hapo ndipo ikaanza kusaidia. Kwa hiyo dai lako kwa mwajiri liwe hilo. Nani alitufundisha? Nyekundu isiyo na maana tunairipoti kwa nani? Kioo kigeuzwe mgonjwa asikione, hilo ni la dakika moja. Na mwulize kwa maandishi kama rangi hizi zinahesabiwa kwenye tathmini ya mshahara, kwa maana zikihesabiwa mtaanza kuandika kwa kuifurahisha mashine, na faili la mgonjwa litakuwa la uongo.

Ile hisia ya uanafunzi naifahamu. Sisi tulikuwa na kitabu cha mwongozo wa matibabu mezani, na wapo waliokificha kwenye droo mgonjwa akiingia ili wasionekane hawajui. Mimi nilikifungua mbele yao. Wagonjwa walikuwa wananiambia, "Soma vizuri, tabibu."

Nani alinijibu?

*Shikamoo mama. Niko Kilifi, mimba yangu ya wiki 31. Kliniki waliniandikisha huduma ya ujumbe wa simu. Siku moja niliandika kichwa kinauma sana na macho yanaona vimulimuli. Nikajibiwa haraka, kisha nikapigiwa nikaambiwa niende hospitali saa ile. Presha ilikuwa 160 kwa 110, nikalazwa. Sasa niko sawa. Nataka kujua, alinijibu mtu au mashine?*
*Mama mtarajiwa, Kilifi*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuandika ujumbe ule. Wengi wangemeza dawa ya kichwa wakalala.

Walikujibu wote wawili, kwa namna ninavyoelewa kazi za huduma hizi. Iliyo maarufu kwenu Kenya inaitwa PROMPTS, ya shirika la Jacaranda Health, na mama halipii ujumbe. Maswali yanayoingia ni mengi mno kwa watu kuyasoma kwa zamu. Mashine huyasoma kwanza, hata yakiandikwa kwa mkato na makosa, ikayapanga: hili la "naweza kula embe?" linajibika, hili la damu au vimulimuli liende juu kabisa, mtu aliyefundishwa alione sasa hivi na anyanyue simu. Mwaka 2023 shirika hilo lilitengeneza hata modeli yake ya lugha, yaani programu ya kuelewa na kujibu kwa Kiswahili, iitwayo UlizaLlama, kwa sababu zile za kigeni zilikuwa haziwaelewi akina mama.

Hapa hakuna aliyebuni dawa mpya. Kichwa kuuma na macho kuona vimulimuli baada ya wiki ya 20 ni dalili za hatari ya kifafa cha mimba tangu enzi za wakunga waliotufundisha. Kilichobadilika ni kwamba ujumbe wako haukukaa nyuma ya maswali mia ya embe. Kama ningeulizwa pesa ya akili mnemba iwekwe wapi kwanza, ningesema hapo, kwenye kupanga foleni, kabla ya kwenye kutibu.

Wasomaji wa Tanzania, mjamzito akipata dharura piga 115, ni bure. Huo ni mfumo wa m-mama: anayepokea anatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo anamtafuta dereva wa jirani aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu. Mama halipi nauli.

Ilikuwa nzuri, ikafungwa

*Tabibu, nafanya biashara Kigali. Tulikuwa na Babyl, unapiga namba fupi, unaongea na muuguzi kwa pesa kidogo, cheti cha dawa unatumiwa kwa ujumbe. Mwaka 2023 ikafungwa. Mbona vizuri havidumu?*
*Mfanyabiashara, Kigali*

Kwa sababu mwenye nayo alikuwa London, kaka. Babyl ilianza Rwanda mwaka 2016, ikaandikisha zaidi ya watu milioni 2, ikafungamana na mutuelle, bima ya afya ya jamii huko kwenu, na hata serikali ikatia saini mkataba wa miaka 10. Kampuni mama, Babylon, ikaingia soko la hisa la New York mwaka 2021, na miaka miwili baadaye ikaanguka. Haikuanguka kwa sababu ya kikohozi cha Wanyarwanda. Ilianguka na biashara zake za huko, na Kigali ikazimwa pamoja nayo.

Kwa hiyo ukiletewa huduma ya bei ya kutupa, ulizia nani anajaza pengo la bei hiyo na kumbukumbu zako za matibabu zitabaki kwa nani akiondoka. Na nakala ya majibu yako iwe kwenye karatasi, ndani ya bahasha, nyumbani.

Baka begani

*Tabibu, mwanangu wa miaka 9 ana baka lililopauka begani. Nimelipiga picha, programu ya simu ikasema ni fangasi. Nimepaka dawa miezi miwili, liko vilevile. Haliwashi. Nimekutumia picha.*
*Baba, Muheza*

Usinunue dawa nyingine, baba. Hizi programu za ngozi zimejifunza zaidi kwa picha za watu weupe, kwa hiyo kwenye ngozi zetu hubahatisha. Lakini hata ingekuwa hodari, kuna kitu picha haina.

Chukua pamba, ivute iwe na ncha nyembamba kama uzi. Mwambie mtoto afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Mguse mkononi kwanza aelewe mchezo, kisha pembeni ya baka, kisha katikati ya baka. Akishindwa kusema umemgusa wapi pale katikati, au hata akisema, mpeleke kituo cha afya wiki hii na uwaambie unataka achunguzwe ukoma. Nasema hata akisema kwa sababu baka lililopauka, lisilowasha, lililokataa dawa ya fangasi, ni la kuchunguzwa na mtu, na Tanga yetu ugonjwa huu bado tunao. Usishtuke. Dawa zake ni bure, zinamezwa miezi 6 au 12 kwa aina yake, na akianza mapema hapati kilema. Watu wa nyumbani nao mkaguliwe.

Picha yako nimeifuta na nimemwambia mhariri afute ya kwake. Ilionyesha uso wa mtoto na jina la shule kwenye sare. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini sheria haiwezi kuirudisha picha iliyokwisha kwenda kwenye kompyuta za watu huko duniani. Ukihitaji kupiga nyingine kwa ajili ya mhudumu, mvue shati, piga bega peke yake.